Mwaliko wa Mara ya Tatu

Watu wa Minnesota hawasemi wanachotaka. Watu wa kwetu, milimani Kentucky, husema hata wasichotaka. Mimi nilizaliwa kule nikaolewa huku, na kwa miaka kumi na mmoja nilijiona nimezijua njia zote mbili. Nilijidanganya. Nasema mapema ili usije ukanicheka peke yangu, maana katika kisa hiki wajinga tulikuwa watatu.

Jina langu ni Delphia. Kwetu ni Bonde la Bata Mzinga, ambako jirani yako yuko ng'ambo ya kijito na ukitaka kumsalimu unapaza sauti. Mume wangu, Arlen Skogstad, alitoka katika ukoo wa wakulima wa mahindi ambao babu zao walihamia kutoka Norwei. Hao wakikuta ghala linaungua husema, "Mambo yangeweza kuwa mabaya zaidi." Wakila chakula kitamu kuliko vyote walivyowahi kuonja husema, "Si kibaya sana." Na kitu wakikichukia kabisa, wakatamani kitupwe mbali, hukitazama kwa muda kisha wakasema, "Hiyo ni tofauti." Wifi yangu Marlys alisema hivyo juu ya gauni langu la harusi, nami nikamshukuru.

Wiki yangu ya kwanza huku tulikwenda kwa huyo Marlys. Akaleta birika la kahawa na keki ya tufaha, akauliza kama nitakunywa. Nikasema ndiyo, tena na keki nitakula, asante sana, tumbo linaniuma kwa njaa. Sebule nzima ikanyamaza. Marlys akanimiminia huku akiniangalia kama mtu aliyemkuta mgeni chumbani kwake. Njiani kurudi, Arlen alicheka hadi akalazimika kuegesha gari.

"Delphia, huku mtu hakubali mara ya kwanza."

"Hata kama ana njaa?"

"Hasa kama ana njaa. Mara ya kwanza ni adabu tu ya mwenyeji. Mara ya pili anataka kujua kama ulikataa kwa adabu au umeshiba kweli. Mara ya tatu ndiyo anakukaribisha."

"Na akiishia ya pili?"

"Basi kahawa yenyewe haitoshi. Amekushukuru kwa kumsaidia."

Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Nikajifunza kukataa. Nilikataa kahawa, nikakataa viti, nikakataa kusaidiwa kubeba mizigo, kila mara nikihesabu kimoyomoyo hadi tatu kama mtoto anayecheza kombolela.

Lakini na Arlen naye alipata yake kwetu. Safari yetu ya kwanza Kentucky, tulizunguka bonde zima kusalimia. Kila nyumba tulipoaga, wenyeji walisimama barazani wakisema, "Mnakimbilia wapi? Laleni hapa hapa." Nami nikajibu kama tunavyojibu, "Hapana, ninyi ndio twendeni kwetu." Jioni Arlen akaniuliza kwa wasiwasi mama yangu ana vitanda vingapi.

"Vya nini?"

"Watu kumi na mmoja umewakaribisha leo. Na hakuna aliyekuambia anafika saa ngapi."

"Hakuna anayekuja, mume wangu. Hiyo ndiyo kwaheri yetu."

"Kwa nini basi msiseme kwaheri?"

Nikamwambia kwaheri kavu ni ya watu waliogombana. Akatikisa kichwa, na nadhani hakuelewa hadi alipokufa.

Alikufa mwezi wa kumi, mavuno yakiwa nusu. Moyo ulisimama akiwa juu ya trekta, na trekta ikaendelea kutembea taratibu hadi kwenye uzio. Hatukuwa tumepata mtoto. Katika ile nyumba kubwa ya mbao tukabaki wawili, mimi chumba cha juu na baba mkwe wangu, Halvor, chumba cha chini. Mzee Halvor alikuwa na miaka sabini na minane. Asubuhi alikuwa na maneno manne, na mawili kati ya hayo alimpa paka.

Baada ya mazishi, katika chumba cha chini cha kanisa, watu wakila mikate yenye nyama na kusema Arlen hakuwa mtu mbaya, Marlys alinishika kiwiko.

"Basi nadhani sasa utataka kuwa na watu wako," akasema.

Nikamtazama usoni. Lilikuwa swali? Ilikuwa huruma? Au nilikuwa naonyeshwa mlango? Nyuso za akina Skogstad hazisomeki, na aliyekuwa akinisomea ndiye tuliyetoka kumzika.

Mimi nilitaka kukaa. Niseme wazi hapa kwa sababu wakati ule sikumwambia mtu. Kazi yangu ya kupika katika shule ya mjini niliipenda. Kaburi la Arlen lilikuwa mwendo wa dakika kumi. Na kwetu ningekuwa nani? Mama alikuwa akiishi na kaka yangu Denver, mkewe na watoto wanne. Ningekuwa binti aliyerudi, mtoto mmoja ahamishwe chumba ili nipate mahali pa kulala. Lakini nyumba ya watu ni nyumba ya watu. Shamba la akina Skogstad lilikuwa la akina Skogstad, nami mjane asiye na mtoto siwezi kujikaribisha mwenyewe. Nilihitaji mzee aniambie nikae. Hilo tu.

Jumapili iliyofuata aliniambia. Tulikuwa tumetoka kanisani, tumekaa jikoni, yeye akitazama dirishani.

"Chumba kile cha juu kinapata joto," akasema. "Mtu angeweza kukaa."

Kwake hiyo ilikuwa hotuba. Nilitaka kusema ndiyo, lakini nilijua hesabu: ya kwanza ni adabu. Nikajiandaa kukataa kama anavyokataa mtu wa huku, kwa upole na kwa ufupi. Sasa msiba ulikuwa umenirudishia ulimi wa mama yangu. Lafudhi ya milimani, niliyokuwa nimeikunja na kuiweka kando miaka yote ile, ilikuwa imetoka yenyewe. Shuleni watoto walianza kuniomba niseme neno "viazi" ili wacheke. Basi badala ya kukataa tu, nikajibu kama barazani kwetu.

"Hapana, Baba. Wewe ndiye twende kwetu."

Akageuka kutoka dirishani. Akanitazama kwa muda mrefu.

"Oh, hapana," akasema. "Siwezi."

Hiyo "oh" yao huivuta kama mtu anayepuliza chai ya moto. Akanyanyuka, akaenda kumlisha paka.

Mara ya pili ilikuwa Alhamisi, siku kumi na moja baadaye. Nilikuwa naponda viazi vya chakula cha mchana, naye amesimama karibu na jiko akikausha buti zake.

"Theluji ikianza, barabara hufungwa," akasema. "Si lazima mtu aondoke kabla haijayeyuka."

Ya pili hiyo. Nilitaka kumkumbatia. Lakini ya pili nayo hukataliwa, ndiyo sheria, na mkono wangu ukiwa katika viazi na akili yangu kwenye hesabu, mdomo ukajiendea zake.

"Ah, Baba, mimi na theluji wapi na wapi. Twende kwetu, kule hakuna baridi ya namna hii."

"Oh, hapana," akasema. "Ningekuwa mzigo."

Tukala viazi. Alisema si vibaya sana.

Nikaanza kusubiri ya tatu. Ilibaki moja tu na ningesema ndiyo kabla hajafunga mdomo. Nikapita mbele yake kila saa. Nikakaa jikoni muda mrefu kuliko kazi iliyokuwapo. Nikazungumzia chumba cha juu, nikazungumzia theluji, nikasema mapazia yale ya juu yanahitaji kufuliwa kabla ya majira ya baridi. Mzee akasema, "Huenda." Alikuwa ananitazama kuliko zamani, mara nyingine akifungua mdomo nusu, kisha anaufunga. Nami nikimwona hivyo nanyamaza ili nimpe nafasi. Tulikaa hivyo, watu wawili wazima, kila mmoja akimngoja mwenzake.

Badala ya ya tatu, yakaja mambo ambayo sikujua niyaweke wapi.

Asubuhi moja aliniuliza, bila hata salamu, "Kule kwenu kuna Walutheri?"

"Hakuna, Baba. Kuna Wabaptisti wa aina saba, na hawasalimiani."

"Hiyo ni tofauti," akasema, akaonekana kuwaza.

Kesho yake akauliza kama kahawa inapatikana. Nikamwambia Kentucky ni Marekani hii hii. Akasema ni vizuri kujua. Kisha akampeleka paka kwa Marlys, paka aliyelala miguuni pake miaka tisa. Nilipouliza kwa nini, akasema kwa Marlys panya wamezidi. Nikasikitika: hata paka anaondolewa, nyumba inasafishwa.

Siku iliyofuata nikamkuta barazani na begi la zamani la ngozi ya kahawia, anafunga mshikio wake kwa waya.

"Mshikio umelegea," akasema.

Nilipanda juu nikafunga mlango. Nilikasirika. Ananitengenezea begi la kuondokea! Hawezi kusema nenda, kwa kuwa wao hawasemi, basi ananitengenezea begi. Na Arlen alikwishaniambia: akiishia ya pili, basi kahawa haitoshi. Mimi ndiye niliyekuwa nimejifanya mgumu wa kuelewa.

Nikajaribu mtego wa mwisho. Wakati wa chakula nikasema kwa sauti, "Labda nianze kufunga vitu vyangu." Nikangoja. Mzee akaweka uma chini, akavaa koti, akatoka. Baada ya nusu saa akarudi kutoka ghalani na maboksi manane, safi, yamefutwa vumbi, na kamba mpya.

"Haya ni imara," akasema.

Nikampigia simu Denver aje anichukue.

Denver aliendesha pikapu saa kumi na nne, akalala kidogo njiani, akafika Jumamosi asubuhi. Ni mtu mnene, mchangamfu, anayeongea kabla gari halijasimama. Alinikumbatia, akalia, akacheka, akasifu ghala, akaitukana baridi, yote kwa pumzi moja. Mzee Halvor alisimama mlangoni na kofia yake.

"Amesema nini?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Amesema amefurahi kukuona."

"Ni maneno mengi kwa jambo hilo."

Tukaketi jikoni. Mzee akamuuliza Denver kama atakunywa kahawa.

"Mzee wangu, wewe lete tu. Njaa niliyo nayo, ningetafuna usukani."

Nikaona mzee ameganda na birika mkononi. Nami, ambaye miaka kumi na mmoja nyuma nilifanya vile vile, niliona aibu. Mezani kulikuwa na sahani ya keki ambayo Marlys aliileta Jumatano. Kilibaki kipande cha mwisho, na huku hakuna mtu anayekula kipande cha mwisho: kila anayepita hukikata nusu, akaacha nusu, na nusu hiyo nayo hukatwa. Tangu Alhamisi kilikuwa kikipungua hivyo, sasa kilikuwa kama sanduku la kiberiti. Denver akakichukua kwa vidole viwili, akakitia mdomoni.

"Ufda," akasema mzee.

"Anasema nini?" akaniuliza Denver. "Kakasirika?"

"Hapana. Ni neno lao."

"La kufanyia nini?"

"La kila kitu."

Mzee akaitazama sahani tupu. "Hata hivyo ilikuwa inakauka," akasema, na nikaapa nimeona mdomo wake umecheza.

Nilikaa katikati yao kama mkalimani mahakamani, na wote wawili wanasema Kiingereza tangu kuzaliwa. Denver alisema kwa mama ni hapo mbele kidogo ukishavuka mto. Mzee akataka kujua ni maili ngapi, nikasema sita. Mzee alisema mavuno hayakuwa mabaya. Denver akampa pole, ikabidi nimweleze kwamba hayajawahi kuwa mazuri namna ile. Maboksi manane yalipakiwa, kamba zikakazwa. Nilipanda juu kukiangalia chumba mara ya mwisho. Kilikuwa na joto kweli.

Nikashuka. Mzee akajipiga magoti kwa viganja viwili. "Haya basi," akasema.

Denver akasimama haraka kama aliyefukuzwa. Nikamvuta shati.

"Kaa. Hiyo ni ya kwanza tu."

Kuaga kwa huku ni safari. Kuna "haya basi" ya mezani, halafu ya mlangoni mkono ukiwa kwenye kitasa, halafu ya ngazini, halafu mwenyeji anakufuata hadi kwenye gari na kuzungumza kupitia dirishani hadi injini ichoke. Kwetu nako kuaga ni vivyo hivyo, ila sisi tunaongeza mialiko. Ukiunganisha desturi hizi mbili, inakuwa saa nzima. Mzee alikuwa ameweka mkono juu ya paa la pikapu, akieleza njia ya kupita ili kukwepa upepo. Mimi nilitazama mbele. Kama ningemtazama ningelia, na watu wa huku machozi huwapa tabu, hawajui wayaweke wapi.

Ndipo Denver, moyo umejaa na keki tumboni, akatoa kichwa dirishani.

"Haya mzee wangu, twende zetu wote nyumbani. Uachane na baridi hii. Mama atatupikia maharage na mkate wa mahindi."

Mzee akaondoa mkono juu ya paa. Akanitazama mimi, si Denver. Akavua glavu moja, kisha ya pili.

"Kama haitakuwa usumbufu," akasema.

"Usumbufu gani mzee, gari lina nafasi," akajibu Denver, kwa sababu kwetu aliyekaribisha harudi nyuma.

Mzee akaingia ndani.

"Kasahau nini?" Denver akauliza.

"Sijui."

Akatoka amevaa kofia nzuri na koti alilolivaa kumzika mwanawe. Mkononi ana begi la kahawia lenye mshikio wa waya. Akafunga mlango kwa ufunguo. Miaka kumi na mmoja sikuwahi kuuona mlango ule ukifungwa kwa ufunguo. Sikujua hata kama ufunguo upo. Akaja polepole juu ya barafu, akasimama upande wangu, akisubiri nisogee.

"Dada," Denver akanong'ona bila kutikisa midomo. "Huyu mzee anakwenda wapi?"

"Si umemkaribisha?"

"Nilikuwa namuaga!"

Nikashuka.  Nikalitazama lile begi, nikauona waya, nikamkumbuka paka, nikawakumbuka Walutheri.

"Baba, unataka kwenda Kentucky?"

Aliwaza sana. Mzee Halvor hasemi uongo, na swali lile sikuwahi kumwona akiulizwa na mtu.

"Hapana," akasema.

"Hapana?"

"Hata kidogo."

"Sasa begi la nini?"

"Umeniomba mara tatu." Akanyoosha vidole, cha kwanza, cha pili. "Jumapili ile. Siku ya viazi. Na leo kaka yako. Mtu akiombwa mara tatu, inakuwa vibaya kukataa." Akaangalia buti zake. "Na nyumba hii, bila mtu juu... niliona heri Wabaptisti."

Sikujua nicheke au nimpige na boksi. "Na wewe uliniomba nikae mara mbili. Ya tatu mbona hukusema? Nimeingoja hadi nimezeeka!"

"Ulikuwa umeshaniomba niende," akasema, kama anayeeleza jambo la wazi kwa mtoto. "Mtu akikuomba uende kwake, huwezi kumwambia akae kwako. Ingekuwa kukukatalia. Nikangoja umalize."

"Na maboksi?"

"Ulisema unataka kufunga. Nikaleta maboksi."

Denver alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, ananitazama mimi, anamtazama mzee, mdomo wazi. Nilikuwa na hasira na nilikuwa na furaha, na vyote vilitaka kutoka kwa mlango mmoja. Upepo ukavuma. Mzee akahamisha begi kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Akakohoa.

"Chumba cha juu," akasema, "bado kinapa—"

"Ndiyo," nikasema.

Hakuwa amemaliza, na alionekana kutaka kumaliza. Akanitazama kama Marlys alivyonitazama siku ya keki.

"Ufda," akasema, akatafuta ufunguo mfukoni.

Denver aliteremsha maboksi manane akilalamika kwa kila moja. Alisema ameendesha saa kumi na nne kuja kula kipande cha keki kidogo kama kiberiti. Alilala kwetu usiku mmoja, na kesho yake baada ya kanisa akaaga. Mezani, mlangoni, ngazini, dirishani. Mzee alikuwa ameegemea paa la pikapu. Nikamwona kaka yangu amevuta pumzi, uso umejaa upendo.

"Haya mzee wangu, twen—"

Nikamziba mdomo kwa kiganja. Nilikiacha hapo hadi akatia gia.

Begi la kahawia lilikaa chini ya ngazi siku tatu. Mzee hakuligusa, nadhani aliona haya kuonekana akilifungua. Siku ya nne, yeye akiwa amekwenda kumrudisha paka, nikalipandisha kitandani kwake nikatoa vitu. Mashati mawili. Soksi za sufu. Kopo la kahawa, kwa kuwa hakuniamini. Picha ya Arlen akiwa mdogo juu ya trekta. Na daftari dogo la mfukoni, lile ambalo wauza mbegu huwapa wakulima kila mwaka.

Nilidhani ni hesabu za mvua. Zilikuwa kauli zangu. Miaka kumi na mmoja ya maneno yangu, kwa penseli, kwa herufi ndogo zilizosimama wima, kila moja na maana yake mbele. "Mungu akipenda na kijito kisipofurika: ndiyo." "Maskini ya Mungu, moyo wake: hampendi." "Nataka kuanza sasa hivi: hajaanza." "Hapo mbele kidogo:" na hapo alikuwa ameacha wazi, kisha kwa penseli mpya, ya Jumamosi ile, ameongeza, "maili sita." Nyingi alizipatia. Nyingine alizikosea kabisa, na kwa makosa hayo nikaelewa mambo kadhaa aliyonifanyia zamani.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mistari mitatu tu.

"Twende kwetu. Jumapili."

"Twende kwetu. Alhamisi, viazi."

"Anamaanisha. Subiri ya tatu."

Nikachukua penseli kwenye meza yake nisahihishe. Ilikuwa kazi ya neno moja, niandike pale kwamba hiyo ni kwaheri, ili asije akafunga begi tena. Nikakaa kitandani na penseli mkononi. Nilijaribu kuikumbuka ile Alhamisi, mkono ukiwa katika viazi, na sikuweza kabisa kukumbuka nilimaanisha nini.

Nikasikia mlango wa chini, paka akilia, na buti zikivuliwa.

"Delphia," mzee akaita kutoka jikoni. "Utakunywa kahawa?"

"Ndiyo, Baba. Nakuja."

 Kisha, kwa mazoea, akauliza tena mara mbili.